Kuvua kwa ndoana ukingoni mwa maji: mwongozo kamili kwa anayerudi mikono mitupu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimekaa ukingoni tangu asubuhi, chambo ninacho, ndoana ninayo, mbona sipati kitu?" Nikidadisi, majibu hufanana. Ndoana ni kubwa, mshipi ni mnene, uzito wa kuzamishia ni mwingi, na chambo kimerushwa mbali kadiri mkono ulivyoweza.

Hapo ndipo penye kosa. Ukingo ndiko kwenye mizizi, mawe, vivuli, wadudu wanaodondoka na samaki wadogo wanaojificha. Samaki wengi wanaopatikana kwa mtu wa nchi kavu wako huko huko, hatua chache kutoka miguuni pake. Anayerusha mbali anawaruka, kisha anakaa kutwa nzima akisubiri mahali ambapo hawapo. Basi kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo moja: vua karibu, na vua kwa zana nyepesi.

## Vitu unavyohitaji

- Fimbo nyepesi ya mita 3 hadi 4. Mwanzi mkavu ulionyooka unatosha. Sikushauri uanze na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, kwa maana rili humtia mtu hamu ya kurusha mbali.
- Mshipi wa nailoni wa milimita 0.25, unaohimili takriban kilo 4 hadi 5. Kwa fimbo isiyo na rili, mshipi uwe na urefu wa fimbo yenyewe au upungue kidogo.
- Kipande cha mshipi mwembamba zaidi, milimita 0.18 hadi 0.20, chenye urefu wa kama sentimita 40. Hiki ndicho hufungiwa ndoana. Ndoana ikinasa kwenye kisiki, kipande hiki hukatika kwanza, nawe unabaki na mshipi wako na kiboya.
- Ndoana namba 10, 8 na 6. Hesabu yake imegeuka: namba inavyopanda, ndoana inapungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Watu wengi hununua namba 1 wakidhani ndiyo ndogo kuliko zote.
- Kiboya chembamba chenye ncha ya rangi inayoonekana vizuri.
- Chubwi (uzito wa kuzamishia) ndogo zenye mpasuko, zile zinazobanwa kwenye mshipi kwa koleo. Ukipata zisizo za risasi, chukua hizo. Ndege wa majini humeza chubwi za risasi pamoja na changarawe, nazo huwaua kwa sumu. Kwa sababu hiyo Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi mwaka 1987.
- Koleo yenye mdomo mrefu, mkasi, na wavu wa kuopolea wenye mpini.
- Ndoo, kitambaa, kisu, na kasha la barafu kama unakusudia kubeba samaki.
- Kofia, viatu visivyoteleza, na miwani inayokata mng'ao wa maji. Miwani hii si pambo. Bila hiyo unaona anga likimeremeta juu ya maji. Ukiivaa unaona mawe, majani na mara nyingine samaki wenyewe.
- Boya la kuvaa, ukiwa juu ya miamba, kwenye gati, au kama huogelei vizuri.

Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizia kama maji hayo yanahitaji kibali, kama kuna miezi iliyofungwa, na samaki wa urefu gani hawaruhusiwi kuchukuliwa.

## Hatua ya 1: Keti kwanza, utazame maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila anayeshindwa, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Ukifika, laza fimbo chini mita kadhaa kabla ya ukingo. Dakika 15 za mwanzo hazina ndoana. Keti, nyamaza, tazama. Mimi huzihesabu dakika hizi kuwa sehemu tamu ya siku: mdiria anapiga mbizi, mviringo unatokea juu ya maji, kitu kinatikisa majani bila upepo. Yote hayo ni habari unayoihitaji.

Samaki akitazama juu huiona nchi kavu kupitia duara moja la mwanga lenye upana wa nyuzi kama 97. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha yaliyo chini ya maji. Mtu aliyesimama wima kando ya maji huonekana ndani ya duara. Aliyechuchumaa hatua mbili nyuma hubanwa pembezoni kabisa, asitambulike. Kwa hiyo chuchumaa, na usivae rangi inayong'aa.

Mazungumzo ya kawaida hayana madhara makubwa, kwa kuwa sauti nyingi ya hewani hugonga uso wa maji ikarudi. Kibaya ni kishindo cha mguu. Hicho hupenya ardhini kikaingia majini, na majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Samaki anaisikia kwa masikio ya ndani na kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Tembea kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

### Ukiwa mtoni

Samaki wa mtoni anataka chakula kinacholetwa na mkondo, lakini hataki kupigana na mkondo siku nzima. Hukaa pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, akachomoka kuchukua kitu na kurudi. Mpaka huo unaonekana kwa macho: ni mstari wa povu au wa majani makavu yanayosafiri pamoja.

Tafuta nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliomomonyoka, na upande wa nje wa kona ya mto, ambako maji huchimba kina. Upande wa ndani wa kona huwa na mchanga na maji mafupi. Mahali kijito kinapoingia mtoni pia ni pazuri.

### Ukiwa ziwani au bwawani

Ziwa humchanganya mgeni kwa sababu linaonekana sawa kila mahali. Tafuta kitu kinachovunja usawa huo: mti ulioanguka, mwisho wa majani ya majini, mdomo wa kijito, au pale kina kinaposhuka ghafla. Kama upepo umevuma kwa saa kadhaa kuelekea upande mmoja, nenda upande huo upepo unakopiga. Wadudu na vijidudu husukumwa huko, na samaki hufuata. Utapigwa na upepo usoni, na wengi hukwepa hilo kwa kukaa upande uliotulia.

Joto nalo lina neno lake. Maji baridi yasiyo na chumvi yenye nyuzi 10 hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Ndiyo maana mchana wa jua kali samaki huacha maji mafupi yaliyotulia. Alfajiri na jioni ni bora. Lakini kwenye bwawa lililojaa majani, usikimbilie alfajiri kabisa: mimea hutumia oksijeni usiku kucha, na kabla ya jua kutoka huwa imebaki kidogo sana. Huko subiri jua lipande kidogo.

### Ukiwa pwani

Pwani saa yako ni maji kujaa na kupwa. Sehemu nyingi hupata maji makuu mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa za leo zitachelewa kesho kwa dakika zipatazo 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo penye bamvua, maji yanapokwenda mbali na kwa nguvu. Katikati ya vipindi hivyo ndipo penye maji mafu.

Samaki hula maji yakiwa yanatembea. Mimi hufika saa mbili kabla ya maji kujaa na kuendelea hadi yanapoanza kupwa. Njoo mara moja wakati maji yamekupwa, bila fimbo, uone mifereji, mashimo na miamba. Yakijaa tena, utajua samaki wanapita wapi.

Tahadhari. Juu ya miamba ya bahari, simama mbali na utazame mawimbi kwa dakika 20 kabla ya kusogea, kwa kuwa wimbi kubwa huja baada ya mengi madogo. Jiwe lililolowa juu linamaanisha wimbi hufika hapo. Penye mamba au viboko, usikae kwenye ukingo wa chini wala usirudi mahali palepale kila siku. Penye kichocho, usiingize miguu majini. Ukisikia radi chini ya sekunde 30 baada ya kuona umeme, laza fimbo na uondoke. Rudi dakika 30 baada ya radi ya mwisho. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, basi usiinue fimbo chini ya nyaya.

Utajua umefaulu ukiweza kunyoosha kidole mahali pamoja na kueleza kwa nini samaki akae hapo. Kama huwezi, endelea kutazama.

## Hatua ya 2: Funga fundo lisiloteleza

Nimesimuliwa mara nyingi habari za samaki mkubwa "aliyekata mshipi". Mara nyingi hakukata. Tazama ncha ya mshipi uliobaki: kama imejikunja kama springi, fundo liliteleza. Kama imekatika wima au imechubuka, hapo ni jiwe, meno, au uzito.

1. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, ubakize sentimita 15.
2. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi mkuu mara 5 au 6.
3. Irudishe kupitia kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu la ndoana.
4. Sasa umepata kitanzi kikubwa. Ipitishe ncha humo pia.
5. Lowesha fundo kwa mate, kisha vuta mshipi mkuu polepole. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua, hupata joto na kudhoofika pale pale unapoihitaji. Hatua hii ndogo imeokoa samaki wengi.
6. Kata ncha, ubakize milimita 2 au 3.

Kipande chembamba kiunge na mshipi mkuu kwa vitanzi viwili: kila upande uwe na kitanzi kidogo, cha mshipi mkuu kipite ndani ya kile cha kipande chembamba, kisha ndoana na kipande chake chote vivutwe kupitia kitanzi cha mshipi mkuu.

Utajua umefaulu mizunguko ikilala imepangana kama nyuzi za parafujo. Ikipandana, kata uanze tena. Kisha zungushia mshipi kwenye kijiti, shika ndoana kwa koleo, geuza uso pembeni na uvute. Fundo lisisogee hata kidogo.

## Hatua ya 3: Pima kina na usawazishe kiboya

Bana chubwi nzito kidogo kwa muda karibu na ndoana, ushushe mahali ulipopachagua. Kiboya kikizama, kipandishe kwenye mshipi. Kikilala ubavu, kishushe. Ncha yake ikibaki usawa wa maji, umekipata kina. Anza chambo kikigusa chini au sentimita chache juu yake. Samaki wengi wa ukingoni hula huko.

Sasa ondoa ile nzito na ubane chubwi ndogo moja moja hadi ibaki sentimita 1 tu ya kiboya juu ya maji. Nyingi ziwe chini ya kiboya, na moja ndogo kabisa iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ndoana.

Sababu yake ni hii: samaki akichukua chambo huhisi kinachomvuta. Kiboya kinene kilichoelea juu humpinga, naye hukitema chambo kabla hujaona lolote. Kiboya kilichokaribia kuzama hakimpingi. Mara nyingi mtu anayesema "hawali" amekuwa akiliwa chambo asubuhi nzima bila kujua.

Pwani penye mawimbi, acha kiboya. Tumia chubwi moja inayotosha tu kukaa chini, na ushike mshipi kwa vidole. Usiuzungushe mkononi wala kidoleni hata mara moja. Samaki mkubwa akikimbia, nailoni hukata nyama.

## Hatua ya 4: Chambo kidogo, ncha wazi

Minyoo, funza, na unga uliokandwa hufaa maji yasiyo na chumvi. Baharini tumia vipande vya ngisi, kamba au samaki. Kuchagua chambo kusikusumbue sana. Ukubwa wake ndio wenye maana.

Kwanza jaribu ndoana kwenye ukucha. Ncha ikikwaruza na kukwama, ni kali. Ikiteleza, itupe mahali salama na uchukue nyingine.

Mnyoo uchome mara mbili au tatu, mkia ubaki ukicheza. Unga uwe tonge la ukubwa wa punje ya harage. Ncha ya ndoana lazima ionekane au iwe karibu kuonekana. Ikizikwa ndani, samaki huvuta chambo chote na ndoana isimguse.

Kisha dondosha vipande vidogo vya chambo hicho hicho mahali kiboya kitakapokaa, vichache tu, na urudie kila dakika 10. Unawaita, ukiwashibisha hawatakuja.

## Hatua ya 5: Shusha, usirushe

Shika mshipi juu kidogo ya ndoana kwa mkono mmoja, inua fimbo, uachie mshipi ubembee hadi mahali pake kama bembea. Chambo kitue kwa utulivu. Mtoni, shusha juu zaidi ya mahali pa samaki, mkondo ukilete chambo wenyewe, na kiboya kitembee sawa na povu lililo jirani. Kikivutwa pembeni au kikizuiwa, samaki ataona kitu kisicho cha kawaida.

Kama dakika 20 zimepita kimya, badilisha kina kwanza. Zikipita 20 nyingine, hama. Subira ya mvuvi ni kukaa kimya mahali penye samaki; pasipo na samaki, saa nyingi haziwaleti.

## Hatua ya 6: Soma kiboya, kisha kita

- Kinatetemeka bila kuzama: samaki wadogo wanadonoa. Tulia, au punguza chambo na ufunge ndoana namba 10.
- Kinazama moja kwa moja: kita.
- Kinakwenda pembeni taratibu: samaki amechukua na anaondoka nacho. Kita.
- Kinainuka na kulala ubavu: watu wengi hukipuuza hiki. Samaki amenyanyua chambo kutoka chini pamoja na ile chubwi ndogo, kwa hiyo kiboya kimepungukiwa na uzito. Kita.

Kukita ni kuinua kifundo cha mkono kwa haraka, kiasi cha shibiri moja au mbili. Si kurusha mkono mzima hadi nyuma ya bega. Ukikita kwa nguvu zote utapasua mdomo wa samaki au kukata kipande chembamba. Kama unatumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani, usikite kabisa: kaza mshipi polepole, nayo itashika pembeni mwa mdomo.

## Hatua ya 7: Mchoshe, kisha muopoe

Weka fimbo imeinama kwa pembe, isimwelekee samaki moja kwa moja. Mpindo wa fimbo na mnyumbuko wa nailoni ndivyo vinavyomeza mishtuko yake. Akikimbilia upande mmoja, ilaze fimbo upande wa pili. Usimwinue hewani, kwa kuwa majini hana uzito mkubwa, na akitoka tu uzito wake wote unauangukia mshipi.

Zamisha wavu kabla hajafika, uutulize, halafu umwongoze samaki aingie kichwa mbele. Anayemkimbiza samaki kwa wavu humshtua, na kwa kawaida humpoteza hapo hapo mguuni.

Tahadhari ya miiba. Kambare na samaki wengi wa miambani wana miiba ya mgongoni au ubavuni, mingine yenye sumu. Shika kwa kitambaa. Ukichomwa na mwiba wenye sumu, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Pima joto kwanza kwa mkono usiochomwa. Kisha nenda ukatibiwe. Na samaki usiyemjua usimle. Bunju ana sumu ambayo kupika hakuiondoi.

## Hatua ya 8: Amua papo hapo, kumrudisha au kumbeba

Uamuzi uwe umeshafanywa kabla ya kumshika.

Kumrudisha. Lowesha mikono, kwa sababu mkono mkavu humvua ute unaomkinga na magonjwa. Mwache ndani ya maji kadiri uwezavyo. Ndoana itoe kwa koleo kwa njia ile ile iliyoingilia. Kama ameimeza, usichimbe kooni: kata mshipi karibu na mdomo, umwache. Mshike wima, kichwa kikielekea mkondo, hadi ajiondokee mwenyewe. Ukiwa na nia ya kurudisha wote, bonyeza kijino cha ndoana, ile ncha ndogo inayozuia isichomoke, kwa koleo tangu mwanzo. Kuitoa kutakuwa kazi ya sekunde moja.

Kumbeba. Mpige pigo moja zito nyuma ya macho. Kumwacha atapetape kwenye ndoo kavu ni ukatili, na nyama yake huharibika upesi. Kata matamvua atoe damu, mtoe matumbo, mfunike kwa barafu. Kwenye joto kali barafu iwe na uzito sawa na wa samaki. Kwa jamii ya jodari na vibua usicheleweshe barafu hata kidogo: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa.

## Kabla ya kuondoka

Okota kila kipande cha mshipi, hata cha sentimita 10, na hata kama si chako. Nailoni haiozi, na hufunga miguu ya ndege na mabawa yao. Ikate vipande vifupi kabla ya kuitia kwenye taka. Ndoana zilizobaki zichome kwenye kizibo cha chupa. Kama ulikuwa baharini, suuza fimbo na koleo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uweke mshipi mahali pasipofika jua, kwa kuwa jua huudhoofisha.

Mwisho, funga uzi mdogo wa rangi kwenye mshipi pale kiboya kilipokuwa samaki alipokula, na uandike mahali, saa, hali ya upepo na ya maji. Utakaporudi hapo, anza na kina hicho.